Uliza Waliokwenda Kuzika

Kilosa,
12 Januari 2025

Mdogo wangu Cleopa,

Marahaba. Najua umeshaniamkia kabla hujafungua bahasha, kwa hiyo hilo tumelimaliza. Mimi ni mzima. Shemeji yako Lukasi si mzima, na ndiyo sababu ya barua hii. Usinipigie simu. Nyumba zetu zimebanana, nikiongea sebuleni jirani anasikia hadi ninavyomeza mate. Bonifas, dereva wa gari la mboga, atakuletea barua hapo kwenye matairi yako na kurudisha majibu. Jitahidi mwandiko usomeke. Ulipokuwa darasa la tatu, nami mwalimu wako pale Mamboya, niliuvunjia rula mbili, usinitie hasara.

Unajua Lukasi aligombea uenyekiti wa kitongoji mwezi wa kumi na moja kwa upande wa upinzani, na Hussein akamshinda. Usichojua ni kwamba aliweka pingamizi. Kesi ilipokuwa inazungushwa, lile bomba la maji tuliloahidiwa likapelekwa kitongoji cha pili. Wanawake wa hapa bado wanateka mtoni, na kila anayejitwika ndoo anapita mbele ya mlango wetu akisema Lukasi ndiye aliyemtwisha. Siwezi kusema wana wazimu. Ndoo ni nzito.

Wiki ya Krismasi walikuja vijana wanne kuchukua vifaa vya kikundi chetu cha kufa na kuzikana. Lukasi alivitunza miaka kumi na sita: masufuria, majembe, sururu, makoleo, na lile turubai alilolishona mwenyewe kila lilipochanika. Aliwatolea kimoja kimoja. Akawaambia koleo moja mpini wake ni mbovu, wasimpe mtu mwenye nguvu. Siku tatu baadaye alifariki mama mmoja wa pale kona. Lukasi akaenda makaburini kuchimba kama siku zote. Vijana wakaweka majembe chini, wakakaa kwenye udongo kimya mpaka alipoondoka.

Sasa moyo wake umechoka. Daktari alinivuta pembeni akaniambia nisimtume dukani wala kumpa habari za kumshtua. Cleopa, kifo sikiogopi. Ninachoogopa ni kuwa na maiti ndani na uwanja mtupu nje. Wewe unajua hana kwao. Baba yake alikuja kukata mkonge Kimamba, akafia kambini, na hakuna aliyebaki wa kusema alitoka wilaya gani. Nilimtajia Mamboya kwetu, akanijibu mwanamume hazikwi ukweni. Majirani ndio walikuwa ukoo wake.

Nitafutie nyumba huko Mikumi. Usitazame bati wala sakafu, tazama hali ya siasa. Wala usiwaulize watu ni wa chama gani, watakudanganya. Uliza msiba wa mwisho ulikuwa wa nani, na walikwenda wangapi kuzika. Mtaa unajulikana hapo.

Dada yako,
Naomi

*

Mikumi,
26 Januari 2025

Dada Naomi, shikamoo tena, hata kama ulishaitikia.

Pole na shemeji. Mwambie fundi pancha wake anamsalimu, na kwamba moyo si tairi, ungekuwa tairi ningeuziba bure.

Kazi yako nimeifanya, na miguu inauma. Nilianza kule barabarani kwenye maegesho ya malori. Pale siasa ni ya asubuhi tu, jua likipanda kila mtu anatafuta ugali wake. Nikauliza swali lako. Wakacheka. Wakasema pale hakuna anayezikwa, mtu akifa anapakiwa na kusafirishwa kwao. Nikaona shemeji hapamfai.

Nikapanda upande wa mlimani. Balozi wa nyumba kumi wa huko aliniuliza majina yangu matatu kabla sijafungua mdomo. Bendera mlangoni, bendera dukani, bendera mpaka kwenye banda la kuku. Niliuliza habari za msiba, akaniuliza nimetumwa na nani. Nikashuka mbio.

Kumbe ninachokitafuta kiko puani kwangu. Nyumba ya tatu kutoka kwetu imebaki wazi mwezi huu. Vyumba viwili, jiko la nje, mpapai mmoja uani unaozaa kama una deni. Mwenye nyumba ni mtu wa Ruaha, hana maneno. Hapa kwetu, dada, hakuna siasa. Hata uchaguzi ulipita kimya, utadhani watu wamemwagiwa maji. Msiba wa mwisho ulikuwa wa mtoto mdogo, mwezi wa kumi na mbili, nao ulipita salama.

Njooni. Happyness amefurahi kupata wifi wa kumteta kwa karibu.

Mdogo wako,
Cleopa

*

Kilosa,
9 Februari 2025

Cleopa,

Nilimsomea Lukasi barua yako hadi pale kwenye mpapai, akaniomba nirudie pale pale. Tangu jana anauliza mambo ya Mikumi kama mtoto anayehamishwa shule. Ameuliza kama kikundi chenu cha kuzikana kina turubai, na kama limechakaa. Ametafuta sindano yake kubwa na uzi, amevifunga kwenye kitambaa na kuviweka juu ya sanduku. Sijamwona hivyo tangu Novemba. Mungu akubariki.

Lakini swali langu umelijibu nusu. "Ulipita salama" ni maneno ya redioni. Mtoto huyo alikuwa wa nani? Walikwenda wangapi?

Nilikwenda kwa Hussein kuomba barua ya utambulisho ya kuhamia kwenu, maana bila hiyo hamtatupokea. Unakumbuka Hussein na Lukasi walivyokuwa wanakula sahani moja, wakati wa Ramadhani Lukasi akifuturu kwake kama Mwislamu. Alinikaribisha vizuri. Alinipa kiti akabaki amesimama. Nilimuuliza waziwazi, kama Lukasi akifa kabla hatujaondoka atakuja? Akaugeuzageuza mhuri wake.

"Mwalimu," akasema, "mimi sina ubaya na Lukasi. Lakini nikija peke yangu, kesho nitakuwa mwenyekiti wa nani?"

Akaandika barua, akapiga mhuri, akaifunga kwa gundi. Hakunipa mkononi. Alisema ni barua ya ofisi kwa ofisi, akamkabidhi Bonifas mwenyewe. Itakuwa imeshafika kwenye ofisi ya kitongoji chenu. Ipitie basi, uwaulize kama imekamilika, nasi tupakie.

Dada yako,
Naomi

*

Mikumi,
23 Februari 2025

Dada, shikamoo.

Barua ilifika. Nimeipata, yaani, nimesikia imefika.

Naomba msipakie kwanza. Bati la upande wa jikoni linavuja na mwenye nyumba amesema atalibadilisha. Mvua nazo zinakuja. Nafikiri baada ya Pasaka itakuwa vizuri, njia itakuwa imekauka na mambo yatakuwa yametulia.

Kuna jambo jingine dogo, usikasirike. Kwa huku mambo yangekuwa rahisi kama shemeji angeandika mistari miwili tu kwamba amerudisha kadi ya chama chake. Si lazima amaanishe. Ni karatasi tu. Akiandika, nitaweza kuipeleka panapohusika na hakuna atakayeuliza zaidi.

Kuhusu yule mtoto, baba yake anaitwa Nassir. Walishahama. Sijui waliokwenda, siku ile nilikuwa na kazi nyingi.

Msalimie sana.

Cleopa

*

Kilosa,
9 Machi 2025

Cleopa,

Nimeisoma barua yako mara nne nikitafuta mzaha, sikuuona hata mmoja. Nikajua kuna kitu. Wewe ulitania hata siku tuliyomzika baba.

Ile habari ya kadi sikutaka kumwambia, lakini aliiona barua mezani akaisoma mwenyewe. Hakukasirika. Alicheka kidogo, akakohoa sana, akasema, "Mwambie shemeji kadi siitumii tena, hata ubavu wa kuishika sina. Lakini nikiandika naikana, watu watasema nilikuwa mwongo tangu mwanzo, na maji walikosa kwa ajili ya uongo." Basi. Sitamuuliza tena.

Hatembei sasa. Miguu imevimba. Nalala kitini karibu naye nikihesabu pumzi zake. Mvua zimeanza na mto umeshaonyesha meno. Pasaka ni mbali, mdogo wangu, tena mbali sana kwa mtu huyu. Bati linavuja? Livuje. Tutaweka ndoo. Niliishi nyumba ya mwalimu ya Munisagara miaka sita, nazijua ndoo zote zinavyolia usiku wa mvua.

Nakuomba kitu kimoja tu, nitajie siku. Bonifas amekubali kutoa mboga nyuma ya gari na kumlaza Lukasi kwenye godoro. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na mimi sina ndugu mwingine wa karibu isipokuwa wewe.

Naomi

*

Mikumi,
21 Machi 2025

Wifi yangu Naomi,

Shikamoo. Naandika bila Cleopa kujua. Mwandiko wangu si kama wake, utanivumilia.

Wifi, msije. Nimeona jinsi anavyozificha barua zako chini ya pampu ya upepo, nikazisoma. Siwezi kunyamaza tena.

Cleopa ni katibu wa kamati ya kitongoji chetu. Alichaguliwa Novemba, siku ile ile shemeji aliposhindwa huko, na alikuwa upande ule uliomshinda. Hakukuambia kwa sababu alikuonea aibu. Si mtu mbaya. Aliambiwa kibanda chake cha matairi kiko ndani ya hifadhi ya barabara, na kwamba katibu wa kamati hawezi kuvunjiwa. Kwa hiyo akagombea. Ile barua ya Hussein aliifungua yeye mwenyewe mbele ya kikao. Iliandikwa kwamba Lukasi ni mleta mgogoro, apokelewe kwa tahadhari. Mwenyekiti akauliza nani anamjua mtu huyu. Cleopa hakusema kitu.

Nyumba anayowatafutia alikuwa amepanga Nassir. Kwenye uchaguzi Nassir alikuwa wakala wa mgombea wa pili, akakataa kusaini fomu ya matokeo. Tukaambiwa tusimpe hata moto wa kuwashia jiko. Mwezi wa kumi na mbili mtoto wake wa miaka miwili akafa kwa degedege. Hakuna aliyekwenda. Siku hiyo kulikuwa na madereva wawili wa malori wanamsubiri Cleopa awazibie pancha. Waliposikia, wakauliza jembe liko wapi, wakaenda kuchimba. Watu wa Tunduma, hawamjui Nassir wala chama chake. Cleopa akabaki na tairi lao. Aliliziba vizuri sana, akalikagua na maji mara tatu, halafu hakuwatoza.

Mimi nilikuwa jikoni. Nilimsikia mama wa mtoto analia, nikakoroga uji uliokwisha kuiva. Sina la kujitetea. Hapa kweli hakuna siasa, wifi, kwa sababu waliokuwa nayo tumeshawahamisha.

Nisamehe. Barua hii ichome.

Wifi yako,
Happyness

*

Kilosa,
6 Aprili 2025

Cleopa,

Habari ya msiba uliipata kwa simu na rambirambi yako niliipata kwa ujumbe wa simu. Uliandika kwamba barabara imekatwa na maji. Bonifas alifika siku hiyo hiyo kwa barabara hiyo hiyo, na matope yalikuwa yameishia kwenye nusu ya tairi. Sitalizungumza tena hilo.

Nataka ujue ilivyokuwa, maana hakuna mwingine atakayekuhadithia. Lukasi alikufa Jumanne tarehe 25, alfajiri, nikiwa nimemshika mkono. Jumatatu yake alikuwa ameniuliza kama lile bati limekwisha. Nikamwambia limekwisha, na mpapai umezaa tena. Wakati huo nilikuwa nimeshaujua ukweli wa mtaa wenu, nimeujua kwa njia zangu, wala usimwulize mtu. Sikumwambia. Alikufa akijua kuna mahali anasubiriwa. Huo ni uongo wako, Cleopa, na ndio kitu pekee ulichotupa kilichomsaidia. Sijui nikushukuru au nifanyeje.

Nilitoa kiti nje nikakaa. Ilipofika saa nne uwanja ulikuwa kama nilivyouota. Watu walipita na ndoo zao. Wengine waliangalia chini, na mmoja, niliyemfundisha kusoma, alivuka upande wa pili wa njia. Mwamvua wa nyumba ya nyuma alikuja kupitia chooni, amejifunika uso kwa kanga, akaleta maji ya kumwoshea na kuondoka kwa njia ile ile. Mchungaji alikuja. Hussein hakuja. Nilimtuma Bonifas akaombe turubai kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha, akaambiwa mwenye ufunguo wa stoo amesafiri. Turubai ambalo Lukasi alilishona mara tisa lilikuwa mita mia moja kutoka kwenye jeneza lake, limekunjwa, kavu.

Kaburi lilichimbwa na vibarua. Nilikwenda stendi kuwakodi mwenyewe, kama mtu anayetafuta wa kupasua kuni. Wewe umekulia Mamboya, unajua jambo hilo ni nini. Tangu nizaliwe sijapata kusikia kaburi linalochimbwa kwa ujira. Walichimba fupi, nikawaambia waongeze, wakataka tupatane upya kwanza. Tulikuwa sita makaburini, na watatu kati yetu walikuwa wanasubiri kulipwa.

Nimekata tamaa, Cleopa. Nimefundisha miaka thelathini na nne, mingi yake katika mji huu, na nusu ya waliovuka njia ile niliwashika mkono kuandika a. Sitaki kuuona tena.

Sasa natafuta mahali pangu mimi, maana na mimi nina siku yangu. Nimeshachagua. Nakuja kwenye nyumba ile ya Nassir, kama bado iko wazi. Najua ulikosa kwenda wapi, najua pia wewe ni nani kwenye kamati. Bado nachagua hapo. Mtaa wenye amani nimeshaacha kuutafuta. Nataka mtaa wenye ndugu, hata kama ni huyo huyo mmoja aliyeogopa. Siku nitakapokufa utakuwa nyumba ya tatu, utasikia. Utafunga mlango au utachukua koleo, utaamua mwenyewe.

Ndani ya bahasha hii kuna maombi yangu kwa kamati yenu. Nimeandika kama mjane wa Lukasi. Undugu wetu sikuutaja. Hilo nimekuachia wewe useme.

Dada yako,
Naomi

*

KAMATI YA KITONGOJI
MIKUMI
22 Aprili 2025

Bi. Naomi Lukasi,
KILOSA.

YAH: MAOMBI YA KUHAMIA KITONGOJINI

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

2. Kamati ilikaa leo tarehe 22 Aprili 2025 na kujadili maombi yako pamoja na barua ya utambulisho iliyotangulia kutoka katika kitongoji unachoishi sasa.

3. Kwa kuzingatia amani na utulivu tulionao, na kwa kuwa tunaelekea kwenye uchaguzi mkuu, kamati imeona kuwa haitawezekana kukupokea. Unashauriwa kuendelea kuishi ulipo, ambapo unafahamika.

4. Kamati inakupa pole kwa kufiwa na mume wako.

Nakutakia utekelezaji mwema.

Cleopa Amon
KATIBU

Nakala: Jalada

*

Nyuma ya karatasi hiyo, kwa penseli:

Dada, shikamoo.

Kikaoni tulikuwa saba. Waliokukataa ni sita. Mimi nilikuwa naandika muhtasari, sikunyoosha mkono upande wowote. Nilikuwa nimejiandaa kusema. Nilikwisha kulitamka neno "dada" moyoni, mara nyingi, hata tulipofika kwenye ajenda ya tatu, ya maombi yako, nikaandika "mwombaji".

Umeme ulikuwa umekatika, kwa hiyo barua hii waliniagiza niiandike kwa mkono. Nimeiandika polepole. Herufi zote zimekaa kwenye mstari, utaona. Mwenyekiti aliisoma, akaisifu mbele ya wajumbe. Akasema siku hizi hakuna watu wenye mwandiko kama huu, akaniuliza nilisoma wapi. Nikamwambia Mamboya.

Akauliza mwalimu aliyenifundisha ni nani.

Nikamjibu simkumbuki.

C.